Riwaya za kihistoria kwa Kiswahili: tuanze na ipi, na tuiamini kwa kiasi gani?

Msomaji wa Chumbageni

Ndugu wasomaji, nawasalimu nyote. Hapa Tanga tuna kikundi kidogo cha wasomaji kinachokutana kila mwezi, wengi wetu vijana waliomaliza shule miaka ya karibuni, pamoja na wazee wachache ambao, nisipowaficha, ndio wanaosoma kuliko sisi sote. Mwaka huu tumekubaliana kusoma riwaya zinazosimulia nyakati zilizopita, ziwe zimeandikwa kwa Kiswahili au zimetafsiriwa. Tumekwisha kusoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ambayo wengi tulikutana nayo kidato cha tano na cha sita kwa ajili ya mtihani, na safari hii tumeisoma bila kusaka dhamira wala tamathali za usemi. Ndiyo iliyotutia hamu ya kuendelea.

Nina maswali mawili. La kwanza ni jepesi: tusome zipi nyingine, na kwa mpangilio gani? La pili ndilo lililotugawa. Mzee mmoja katika kikundi, aliyeishi Unguja ujana wake, anashikilia kwamba mtunzi akishataja mji wa kweli na mwaka wa kweli, basi hana ruhusa ya kuongeza wala kupunguza lililotokea. Vijana wanamjibu kwamba riwaya ni hadithi, na atakaye historia akasome vitabu vya historia. Mimi sikuridhika na upande wowote, ila sikuwa na hoja ya kuweka badala yake. Ningefurahi kusikia mawazo ya waliosoma zaidi yetu.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Msomaji, salamu zako zimepokewa. Nitaanza na swali la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua jibu la kwanza.

Kila riwaya ya kihistoria ina tarehe mbili, nayo huwezi kuisoma vizuri ukiishika moja tu. Ya kwanza ni ya mambo yanayosimuliwa. Ya pili ni ya siku mtunzi alipokaa kuandika, pamoja na yote yaliyokuwa yakisemwa, yakiruhusiwa na yakiogopwa siku hiyo. Mzee wenu anaitazama tarehe ya kwanza peke yake, na vijana wenu wamezisahau zote mbili.

Kwa kuwa mmeshaanza na Adam Shafi, sina haja ya kutafuta mfano mbali. Zitazameni riwaya zake nne kwa mpangilio wa kuchapishwa. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ilitoka mwaka 1978, nayo inasimulia maisha ya mashamba ya Unguja chini ya mabwana wenye ardhi hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. *Kuli* ilitoka mwaka 1979, nayo inarudi nyuma hadi kwenye mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. *Vuta N'kuvute* ya mwaka 1999 inasimulia miaka ya mwisho ya ukoloni, wakati siasa za vyama zilipoanza kupamba moto. *Haini* ya mwaka 2003 inahusu yaliyofuata baada ya kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili 1972, yaani kamatakamata, mahojiano na maisha ya kizuizini.

Mkizisoma kwa mfululizo huo mtaona jambo ambalo hakuna kitabu cha historia kitakachowaonyesha. Katika riwaya ya mwaka 1978 mstari kati ya mdhalimu na mdhulumiwa umechorwa kwa wino mzito. Bwana shamba ni mvivu na katili, mkulima ni mvumilivu, na Mapinduzi yanakuja kama alfajiri. Katika riwaya ya mwaka 1999 wino umepungua uzito. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza akiwa bado mdogo, hawezi kuwekwa upande mmoja wa mstari ule, wala Denge, mpigania uhuru aliyesoma Urusi, hachorwi kama mtu asiye na doa. Kisha inakuja *Haini*, ambamo serikali iliyozaliwa na alfajiri ile ndiyo inayowafunga watu.

Kumbukeni sasa kwamba Adam Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini baada ya mauaji yale ya mwaka 1972. Maana yake ni kwamba alipoichapisha *Kasri ya Mwinyi Fuad* mwaka 1978, tayari alikuwa ameyaona yale tutakayoyasoma katika *Haini* robo karne baadaye. Mimi sidhani kwamba riwaya ile ya kwanza ni ya uongo kwa sababu hiyo. Udhalimu wa mashambani ulikuwapo, na mtu aliyefungwa na serikali ya Mapinduzi bado anaweza kuamini kwamba Mapinduzi yalikuwa ya haki. Lakini asomaye *Kasri* bila kujua hayo atadhani anatazama mwaka 1964, kumbe anautazama mwaka 1964 akiwa amesimama mwaka 1978, katika nchi ya ujamaa, mahali ambapo baadhi ya maneno yalisemeka na mengine hayakusemeka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kikundi chenu ni huu: msizisome kwa mpangilio wa matukio, zisomeni kwa mpangilio wa kuchapishwa. *Vuta N'kuvute* mmeshaitanguliza, hilo si neno. Rudini kwenye *Kasri*, nendeni *Kuli*, kisha mmalizie na *Haini*.

Bibi wa Kisauni

Mwalimu, shikamoo. Hizo tarehe mbili nazikubali, nami nina kitabu ambacho hakisomeki kabisa bila hizo. Ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka 1934. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakasukumwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, na jinsi baadhi yao walivyookolewa na meli za Waingereza wakaletwa Freretown, ule mji wa wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) ulioanzishwa katika miaka ya 1870 hapa kwetu Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mbotela mwenyewe ni wa kizazi cha watu hao.

Sehemu ya kutekwa na ya safari inasomwa kwa machungu mpaka leo, kwa kuwa ndani yake mna sauti za wazee waliosimulia walichopitia. Sehemu ya wokovu ni habari nyingine. Mwingereza ametukuzwa mno, Mwarabu amelaaniwa mno, na kazi waliyopewa watu wale na hadhi waliyowekewa baada ya kuitwa huru havikuulizwa maswali ya kutosha. Ni kitabu cha mwaka 1934, na kilisomeshwa shuleni katika himaya hiyohiyo inayosifiwa ndani yake. Hata hivyo ningewahimiza mkisome, tena mkisome pamoja na wazee, kwa kuwa ni katika vitabu vya mwanzo kabisa vya hadithi ndefu vilivyotungwa kwa Kiswahili na Mwafrika, na wakati huohuo ni ushahidi wa namna wajukuu wa walioachwa huru walivyotakiwa kuukumbuka uhuru wao.

Mkerewe Mjini

Waungwana, nimefuatilia kwa makini. Sina ugomvi na kanuni ya Mwalimu, ila kuna kitabu kimoja kinachoitikisa, nacho ndicho ningekuwa wa kwanza kukipendekeza kama mna subira.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akaishi kisiwani Ukerewe, akasoma seminari, akajua lugha kadhaa za Ulaya, kisha akaamua kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu kuhusu maisha ya Wakerewe kabla wageni hawajafika. Aliimaliza mwaka 1945. Hakupatikana mchapishaji wa kuichapa kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache wa visiwani. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili akiwa mzee, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980 kwa jina refu la *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Mwaka uliofuata akafariki. Tarehe zake basi ni tatu, Mwalimu, si mbili: ya mambo yanayosimuliwa, ya kuandikwa, na ya kumfikia msomaji katika lugha nyingine na nchi nyingine, kwa maana Tanganyika aliyoiandikia mwaka 1945 ilikuwa chini ya Mwingereza, na Tanzania iliyoisoma mwaka 1980 ilikuwa ikitoka kwenye vita vya Kagera.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa sentensi chache. Myombekere na Bugonoka hawajajaliwa mtoto. Wazazi wa mke wanamrudisha binti yao nyumbani. Mume anakwenda kumkomboa kwa pombe ya ndizi na kwa adabu zote zinazompasa mkwe. Hatimaye wanapata tiba, na watoto wawili wanazaliwa. Katika riwaya nyingine mngemaliza hayo kwa jioni moja. Hapa yanachukua majuzuu mawili, kwa sababu Kitereza hakubali mgeni aingie nyumbani bila kueleza amekaaje, amekaribishwaje, amelishwa nini, nani amenawa kwanza na nani amemwaga maji. Anaeleza jinsi pombe inavyopikwa hatua kwa hatua, jinsi mitego ya samaki inavyotegwa, jinsi mgonjwa anavyoaguliwa na dawa inavyochimbwa, jinsi kilio kinavyowekwa. Wako wasomaji wanaochoka hapo na kusema kwamba hii si riwaya bali ni orodha ya mila. Mimi naona wamekosea, kwa kuwa katika ujirani wa namna ile mapenzi ya mume na mke hayasemwi kwa mdomo. Yanaonekana katika namna mtu anavyokubali kuhangaikia pombe ya wakwe kwa siku nyingi huku majirani wakimcheka. Ukiruka maelezo ya pombe umeruka mapenzi yenyewe.

Kinachonishangaza zaidi ni kilichokosekana. Hakuna mkoloni ndani yake. Mtu anayeandika katikati ya ukoloni, mfuasi wa Kanisa Katoliki, anatunga kurasa mamia ambamo Mzungu hayupo hata kama kivuli. Sijui kama tunaweza kukiita kimya hicho woga. Mimi ninakiita uamuzi. Vitabu vingi vya kihistoria vya Afrika vinaanza pale Mzungu anaposhuka melini, kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wakisubiri tu.

Nakala za zamani za Kiswahili ni adimu, kwa hiyo ulizeni kwanza katika maktaba za vyuo vikuu. Tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye ni Mkerewe, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Na kama mtapenda kuendelea na visiwa vyetu, Ruhumbika mwenyewe ametunga kwa Kiswahili *Miradi Bubu ya Wazalendo*, riwaya inayotoka kwenye ukoloni ikavuka uhuru na kufika kwenye machungu ya waliotegemea uhuru ungewafaa.

Kijana wa Ngamiani

Mimi ni mmoja wa vijana waliotajwa katika swali. Naomba niulize kwa heshima: je, *Gamba la Nyoka* ya Kezilahabi ni riwaya ya kihistoria? Ilitoka mwaka 1979 na inahusu watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, jambo lililokuwa limetokea miaka michache tu kabla. Kwake yeye ilikuwa habari ya jana. Kwangu mimi ni historia kama Vita vya Maji Maji vilivyo historia.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, umeuliza vizuri. Wahakiki wengi wangesema hapana, kwa sababu mtunzi hakurudi nyuma kutafuta. Aliandika alichokiona kikipita mbele yake. Mimi nisingependa mpoteze kikao kizima kubishania mpaka huo. Tofauti inayowahusu ninyi wasomaji ni moja: Kezilahabi hakuona haja ya kuwaeleza wasomaji wake kijiji cha ujamaa ni nini, kwa kuwa walikuwa wakiishi ndani yake, ilhali Adam Shafi katika *Kuli* alilazimika kuijenga upya Unguja ambayo wasomaji wengi wa mwaka 1979 hawakuiona. Kwa hiyo katika Kezilahabi ninyi ndio mtakaokuwa na kazi ya kujaza mapengo, na hapo wazee wa kikundi watawafaa kuliko kamusi.

Ndugu Mkerewe, tarehe ya tatu naikubali bila kinyongo.

Mpekuzi wa Nyaraka

Nami niongeze upande ambao haujaguswa, yaani namna ya kuipima riwaya bila kuigeuza mtihani. Mzee wa Tanga ana haki ya kutaka ukweli, ila ukweli wa aina gani? Katika *Kuli*, Rashidi ni mtu wa kubuni. Mgomo si wa kubuni. Ulianza bandarini mwezi wa Agosti 1948, ukaenea hadi ukawa mgomo wa mji mzima, katika miaka ambayo gharama za maisha zilipanda baada ya vita na ujira ukabaki nyuma, na ulitanguliwa na ule wa Mombasa wa Januari 1947. Mwanahistoria Anthony Clayton alichapisha utafiti kuhusu mgomo huo mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya *Kuli*. Anayetaka kujua serikali ilifanya nini siku gani atamwendea Clayton. Anayetaka kujua kuli aliyebeba gunia gatini alikuwa akiwaza nini alipoambiwa kesho asije kazini, na nyumbani hakuna unga, huyo Clayton hawezi kumsaidia, kwa sababu waliohifadhi nyaraka hawakumuuliza kuli. Adam Shafi, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa mtoto wa miaka minane hivi mgomo ulipotokea. Anasimulia jambo lililokuwa katika vinywa vya watu waliomlea.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Ninamruhusu mtunzi abuni mtu, chumba na mazungumzo. Simruhusu ageuze sababu. Akiniambia kwamba makuli waligoma kwa kuwa walichochewa na mtu mmoja mwovu, wakati tunajua hali ya ujira na bei za vyakula, hapo amenidanganya hata kama kila tarehe yake ni sahihi.

Kuhusu mapendekezo, nashangaa hakuna aliyetaja *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, akidhani anakwenda kutembea, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anakua dukani pwani, anafuata msafara hadi bara, na kitabu kinaisha Wajerumani wakikusanya askari kwa ajili ya vita vya mwaka 1914. Kwa ninyi mlioko Tanga, mazingira yale hayatakuwa mageni.

Mkiisoma, msiisome peke yake. Yapo maandishi ya Kiswahili ya watu waliokwenda na misafara hiyo kweli. Tippu Tip aliyaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905. Mjerumani Carl Velten alikusanya simulizi za wasafiri wa pwani akazichapisha mwaka 1901 kwa jina la *Safari za Wasuaheli*. Someni kurasa chache tu za hizo kabla ya kikao cha *Peponi*, mtasikia namna wasafiri wale walivyohesabu hongo, mizigo, wapagazi waliokufa na watemi waliowazuia njiani, kisha mtaona Gurnah amechukua sauti gani na ameipa nafasi gani sauti ambayo katika simulizi zile haisikiki kabisa, ya mtoto aliyefuata msafara asijue yeye ni mwana, mtumishi au mali. Na kwa kuwa mko Tanga, msiuache *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, juu ya vita vya Abushiri na Bwana Heri dhidi ya Wajerumani. Si riwaya, ni kweli, lakini mshairi aliishi wakati huohuo katika mwambao huohuo, na Abushiri alinyongwa Pangani, mwendo mfupi tu kutoka mnapokaa.

Bibi wa Kisauni

Mpekuzi, hapo kwenye sababu ndipo Mbotela wangu anapoanguka, nami sina la kumtetea. Ila nauliza: mtunzi akikosea sababu kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa shuleni, utamwita mwongo?

Mpekuzi wa Nyaraka

La, mama yangu, sitamwita hivyo. Nitamweka upande wa mashahidi badala ya upande wa waamuzi. Kuna mengi ya kujifunza kwa shahidi aliyefundishwa la kusema, mradi aliyemfundisha naye aonekane chumbani.

Msomaji wa Chumbageni

Nawashukuru nyote. Nimechapa majibu haya na kuyasoma mbele ya kikundi. Mzee wetu wa Unguja alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kipimo cha sababu anakikubali, ila *Kasri ya Mwinyi Fuad* ataisoma akiwa na kalamu mkononi, kwa kuwa yale mashamba aliyaona kwa macho yake na hakumkuta kila mwenye shamba akiwa wa namna moja. Tumemwomba ayaandike pembezoni, na nakala yake ndiyo tutakayoizungusha.

Mpangilio tuliokubaliana ni *Kasri*, *Kuli* na *Haini*, kisha *Peponi* pamoja na kurasa za Tippu Tip. *Uhuru wa Watumwa* na Kitereza tumeviweka mwisho wa mwaka, kwanza kwa sababu bado tunavitafuta, na pili kwa sababu Kijana wa Ngamiani anataka tuvisome mwezi mmoja baada ya mwingine, kimoja ambamo Mzungu ndiye mwokozi na kingine ambamo hayupo kabisa. Kama yuko mwenye nakala ya Kiswahili ya *Bwana Myombekere*, hata juzuu la kwanza peke yake, na yuko tayari kutuazima kwa dhamana, tafadhali aniandikie. Nauli ya kulisafirisha kwenda na kurudi itakuwa juu yetu.

Mkerewe Mjini

Juzuu la kwanza ninalo, jalada limechakaa. Nitakuandikia leo. La pili mtalipata mkilirudisha la kwanza.